Mashine Iliyoomba Ruhusa

Jeli ya baridi aliyopakwa tumboni ilikuwa imeanza kukauka, na kioo cha altrasaundi kilikuwa bado cheusi. Tausi alikuwa amelala kitandani, kiganja ubavuni, akimsikilizia mtoto ambaye hakuwa amecheza tangu jana jioni.

"Mashine iliniomba ruhusa ijisasishe," muuguzi Bi Mwatumu alimwambia fundi aliyekuwa ameiinamia. "Iliomba kwa adabu, nikaikubalia. Leo asubuhi haikuamka."

Fundi Sefu hakuinua kichwa. "Sasisho lenyewe ndilo bovu. Limezima kompyuta za watu mji mzima. Ngoja niirudishe ilivyokuwa jana."

"Irudishe, kaka," alisema Tausi. "Jana alikuwa anacheza."

Vidole vya fundi vilisita kidogo, kisha vikaendelea, taratibu zaidi. Bi Mwatumu akavuta kanga, akamfunika Tausi miguu.

Kioo kikawaka. Fundi akainuka, akaenda nyuma ya pazia, wala hakuondoka. Muuguzi akapaka jeli nyingine, akatembeza kipimo huku na huko. Ulionekana ukungu mtupu. Halafu ndani ya ukungu kikatokea kitu kidogo, kinafumba na kufumbua, haraka haraka: moyo wa mtoto.

"Huyu hapa, mwanangu," alisema Bi Mwatumu. "Alijilalia tu."

Tausi akalia na kucheka kwa pamoja. Nyuma ya pazia, fundi akaketi sakafuni.

Pembeni mwa kioo, maandishi madogo yakajitokeza kuomba ruhusa tena. Hakuna aliyeyatazama.