Tukaushe Tu

Sare ilitoka mbichi tena. Muuguzi aliiminya kola kwa vidole viwili, tone la maji likadondoka sakafuni, akaubamiza mlango wa mashine ya kukaushia nguo hadi kikombe kilichokuwa juu yake kikaruka.

Hiyo ilikuwa mara ya nne ndani ya siku saba. Mashine yenyewe haikuwa na hata mwaka. Kila asubuhi aliijaza nusu tu, akaiwasha kwa saa nzima, akampeleka binti yake shule na kupitia sokoni, na akirudi anakuta nguo za moto lakini mbichi. Alikuwa akiingia kazini zamu ya mchana, na mkuu wa wodi alishamwambia mara mbili kwamba mgonjwa hahudumiwi na mtu anayenuka unyevunyevu. Mara ya tatu ingekuwa barua.

Si kwamba hakujua kuitumia. Alibandika masharti ukutani kwa herufi kubwa: chujio lisafishwe manyoya kila nguo zikitoka, pipa lisijazwe, nguo yenye mafuta isiingie, mashine isiachwe ikizunguka wakati nyumba haina mtu. Hili la mwisho halikuwa tatizo, maana mama mkwe alikuwepo. Mama mkwe alikuwepo siku zote, na hapo ndipo kichwa cha muuguzi kilipoanzia kuuma.

Fundi alikuja Jumanne. Alichomoa waya kwanza, akavuta mashine kutoka ukutani, akapuliza bomba la hewa, akamulika chujio kwa tochi, kisha akaketi juu ya ndoo akanywa chai kama mtu aliyealikwa. Alisema mashine ni nzima kuliko yeye mwenyewe.

"Kuna mtu anaifungua kabla haijamaliza," aliongeza. "Ikifunguliwa katikati, kazi yote inaharibika."

Muuguzi akamgeukia mama mkwe, aliyekuwa akimenya vitunguu. Mama wa watu akakausha, kana kwamba hakusikia neno. Kwa kukausha hakuwa na mpinzani. Ukimuuliza asichotaka kujibu, utaota mvi ukisubiri.

Hata binti alikuwa ameanza kuambukizwa. Tangu ahamishiwe shule mpya alikuwa akijibu kwa kichwa tu, na usiku alifunga mlango wa chumba alicholala na bibi yake kabla hajaambiwa. Jioni alikataa maziwa, akakataa hata maji, na mama yake akimfokea alisimama akitazama vidole vya miguu. Muuguzi alifoka sana siku hizo. Alijua, na kujua kwenyewe kulimuudhi.

Alhamisi alisahau pochi, ikabidi arudi kabla ya kufika sokoni. Alimkuta mama mkwe mbele ya mashine iliyo wazi, amekumbatia shuka linalochuruzika maji, akilitumbukiza katikati ya sare. Lilikuwa limesuuzwa haraka kwa mkono. Pua ya muuguzi haikuhitaji kuelezwa kwamba ule ni mkojo.

Kumbe ndio mchezo wenyewe: shuka linatiwa akiondoka, linatolewa kabla hajarudi. Hasira aliyoitunza wiki nzima ikakosa pa kwenda.

"Mama," alisema, "tangu lini?"

"Mwezi sasa." Mama mkwe alikuwa akiitazama sakafu. "Uzee huu, mwanangu. Tukaushe tu. Hata mumeo asijue."

Muuguzi aliona aibu kwa niaba yake, akageuza uso asiendelee kulitazama lile shuka. Akaahidi.

Ahadi ilidumu mpaka mume wake aliporudi kutoka kazini. Alimweleza yote, kisha akajitetea kabla hajashutumiwa: yeye si mtu mbaya, ila wagonjwa wa hospitali wanamtosha, na barua iko njiani. Mume akashusha pumzi, akampigia simu dada yake. Wifi alikuwa na chumba kizuri chenye bafu lake, na siku nyingi alikuwa akimtaka mama akaishi kwake.

Jumamosi wifi alikuja na gari. Mama mkwe hakubisha. Alimtazama muuguzi mara moja, akajua kwamba siri imetoka. Kisha akamkumbatia mjukuu wake, akamnong'oneza maneno, na mtoto akalia mpaka kwikwi zikamshika.

"Nina ombi moja," mama mkwe alisema akiwa mlangoni. "Asubuhi usiwe unapandisha sauti, mwanangu. Asubuhi tu."

Muuguzi alikubali huku roho ikimchemka. Mtu anaondoka, bado anatoa amri.

Jumapili hakufua. Jumatatu alijaza pipa nusu, akawasha, akaingia kuoga. Alipotoka alimkuta binti ameshavaa viatu, amebeba begi, amesimama karibu na mashine, tayari kabla ya wakati. Alimsifu, na hakupandisha sauti hata kidogo. Kwa kuwa sasa nyumba ingebaki tupu, baba mtu ndiye aliyempeleka mtoto shule, na muuguzi akakaa kuisubiri mashine akiwa na chai yake, akiusikiliza ule mngurumo kwa raha ambayo hakuwa nayo kwa muda mrefu.

Kengele ilipolia, alifungua mlango akiimba.

Sare ilikuwa mbichi. Aliivuta ikagoma, maana ilikuwa imeviringishwa na shuka zito kwa maji, ambalo safari hii hapakuwa na mtu wa kulitoa. Akalikunjua. Lilikuwa lile la vipepeo, alilomnunulia binti yake siku alipotimiza miaka tisa.