Baridi ya Upenuni

Siku hizi baridi hutolewa kwa kipimo: kila mtu hupewa siku moja kwa mwaka, imshukie juu ya paa lake. Nyumba ya bibi Fumie, milimani Yamagata, iliwahi kupata siku tano. Watoto walipohama akabaki yeye na mumewe Genzo, na siku mbili tu.

Matunda ya kaki aliyoyamenya na kuyatundika upenuni yalitaka siku tatu za baridi ili yakauke, la sivyo yangevunda. Hata hivyo aliyakanda moja moja kwa vidole, kama alivyofundishwa na mamake, ili utamu utokeze nje.

Asubuhi ya tatu alitoka akijua atakuta joto. Akakuta umande umeganda kwenye kamba, na pumzi zake zikifuka kama moshi.

“Mzee wangu, hii imetoka wapi?”

“Ni yangu ya mwakani,” alisema Genzo, amejifunika blanketi mlangoni. “Nimewaomba wagawaji wailete mapema.”

“Na mwakani tutafanyaje?”

Genzo alikohoa kile kikohozi ambacho daktari alikuwa ameacha kukitibu, akanyoosha mkono, akashika tunda moja na kulikanda taratibu.

“Mwakani,” alisema, “usimenye mengi.”