Nguzo Ndefu ya Kesses

Wakulima wa Kesses walikuwa wamevuna magunia arobaini, wa Sugoi mia tisa, lakini kwenye skrini ya kompyuta nguzo ya Kesses ilipanda ikapanda mpaka ikakosa pa kwenda.

"Yesu wangu!" Mama Awuor wa chai aliweka birika chini. "Kwani hao Kesses wamepanda mahindi ama mikaratusi?"

Chumba kikaangua kicheko. Na kilikuwa kimejaa, maana hiyo ndiyo kompyuta ya pekee katika ofisi ya takwimu za mavuno pale Eldoret, na kila mwenye kazi mezani kwake aliiacha akaja kutazama ya mwenzake. Makarani, madereva, hata askari wa geti.

Nanzala peke yake hakucheka. Alikuwa hajathibitishwa kazini. Ijumaa mgeni kutoka Chama tawala angekuja kuikagua grafu. Akiridhika, barua ya kuthibitishwa ingetoka. Asiporidhika, Nanzala angerudi Kapsoya kwa dada yake kuosha masufuria, na majirani wote alishawatangazia kwamba sasa yeye ni mtu wa mitambo.

"Bwana Ouma, hii CHORA ni mgonjwa," alimwambia mkubwa wake. CHORA ndiyo sehemu ya programu iliyomeza namba na kuzitoa zikiwa nguzo za grafu. "Anayeandikwa wa kwanza ndiye hupata nguzo ndefu. Hata nikimpa sifuri."

"Kama mtoto wa kwanza wa mama mkwe wangu," akadakia Mama Awuor. "Jembe hashiki, na sahani yake ndiyo inafurika."

"Si ni yule Waweru wa kabla yako aliyeiandika?" Bwana Ouma hakujua hata kuiwasha mashine, lakini habari za watu alikuwa nazo tele. "Mtu haondoki kazini bila chai ya kwaheri kama hakufukuzwa. Itengeneze, mama. Lakini usiguse maagizo yaliyotoka juu. Nguzo mbili, zikizidi sana tatu. Na nusu isikubaliwe kabisa."

"Lakini mzee, nusu gunia pia ni mahindi."

"Nanzala. Chama kikisema hakuna nusu, wewe nusu umeiona wapi?"

Siku hizo hata kuta zilikuwa na kadi ya Chama.

Nanzala akajifungia na ile mashine. Aliilisha namba ndogo na kubwa, zilizolingana na zilizopishana, akageuza Sugoi ikatangulia, akairudisha Kesses mbele. Mwishowe akamkamata mchawi: mstari mmoja, umejificha chini ya mingine, kazi yake kunyakua namba kubwa popote ilipo na kumkabidhi aliyetangulia. Alimhurumia Waweru. Mtu kusoma kote kule halafu akosee hivyo!

Akaufuta. Akajaribu tena. Kesses ikashuka, ikakaa chini kwa adabu, na Sugoi ikasimama. Mama Awuor alimletea chai ya maziwa matupu, ile ya wakubwa.

Ijumaa mgeni aliingia na suti nyeusi, beji ya Chama kifuani, harufu ya mafuta ya nywele ikimtangulia. Watu walikuwa wamebanana mpaka mlangoni. Bwana Ouma alianza hotuba yake juu ya mahindi na maendeleo, lakini mgeni aliinua mkono.

"Hayo ya mahindi baadaye. Mama, mimi nitaijaribu mwenyewe."

Hakuandika Kesses wala Sugoi. Aliandika A, akaipa mia mbili. Akaandika B, akaipa elfu tatu. Akabonyeza, akajiegemeza kwenye kiti huku ameshaanza kutabasamu.

Nguzo ya A ikachomoza kama kisiki. Ya B ikapaa.

Chumba kizima kikapiga makofi. Askari wa geti akapiga mluzi. "Huyo ndiye Nanzala wetu!" akapiga kelele Mama Awuor. "Waweru alikuwa ametuharibia!"

"Alikuwa na kosa moja tu, mheshimiwa," Nanzala alisema, kwa sauti ya mtu anayeiona barua yake ikipigwa chapa. "Nimeshaling'oa."

Mgeni hakupiga makofi. Alitazama ile nguzo fupi kwa muda mrefu, akatoa leso, akajipangusa shingo. Halafu akainama karibu na sikio la Nanzala.

"Waweru tulimpandisha cheo kwa hilo kosa. Lirudishe leo hii," alinong'ona. "Jumatatu wananchi wanajipanga mlolongo nyuma ya wagombea kupiga kura, na nyuma ya mtu wetu, huyo A, hakuna watu."