Kigugumizi cha Mbeyu

Siku hizi tamthilia isiyo na watazamaji hurekebishwa na mashine mpaka ipendwe. Mwashamba alikuwa amechoka kuutetea msimu wa kwanza wa Bweni la Majini, ambamo marehemu dada yake, Mbeyu, aliigiza, kwa kigugumizi chake cha tangu utotoni, mwanafunzi anayeona mizimu. Watu waliuona wa kuchosha. Yeye aliwaambia ni huo tu wenye vijana wanaoogopa kweli.

Jioni moja alimkuta mama yake sebuleni akiutazama. Kwenye runinga Mbeyu alizungumza kwa ufasaha, bila kusita hata kidogo.

“Mama, kigugumizi chake kimekwenda wapi?”

“Kigugumizi gani tena?” Mama alitabasamu, macho hayabanduki kwenye runinga. “Mwanangu alisema vizuri tangu utotoni.”

Mwashamba hakuwa na nguvu za kubishana. Aliketi kando yake, wakatazama.