Alama ya Pedi

"Nikifunga breki kwa nguvu, usukani unatetemeka," Mwanaidi alimwambia fundi. "Kama vile kuna mtu mwingine ameushika."

Fundi Mbaruku akafungua magurudumu ya mbele na kupapasa diski za breki.

"Tazama hapa, mama. Pedi imeungulia kwenye diski ikaacha alama. Aliyeendesha alifunga breki ghafla, diski zikapata moto, halafu gari likasimama naye bado amekanyaga tu. Siku nyingine ukishasimama, achia mguu."

Mwanaidi akaweka kidole juu ya alama ile. Mumewe alikutwa ndani ya gari hilihili chini ya mteremko wa shule, hatua chache kabla ya kivuko cha watoto, ameshakata roho, mguu ukiwa bado kwenye breki.

Fundi akafunga diski mpya. Zile kuukuu akazitia kwenye buti, mteja asije akadhani hazikubadilishwa.

Mwanaidi akaushuka mteremko uleule, barabara ikiwa tupu, akafunga breki kwa nguvu zote. Usukani haukutikisika hata kidogo. Alikuwa peke yake garini.

Nyuma yake likaja gari, likapiga honi. Likaja la pili. Mguu wake ulikuwa palepale, umekanyaga.