Tela la Mstaafu

Pipa la plastiki lilianguka tena, likabiringika hadi miguuni mwa mwalimu wa udereva.

"Kulia, mama watoto," mume alisema kutoka kiti cha nyuma. "Si nilikwambia kulia?"

"Ulisema kushoto," alijibu mkewe, mikono ikiwa imeganda kwenye usukani.

"Kushoto kwa gari. Kulia kwa tela."

Mwalimu alilisimamisha pipa, akaja dirishani. Walikuwa kwenye maegesho ya kiwanda, siku ya mapumziko, wala hapakuwa na kitu cha kugonga ila mapipa yake mwenyewe. "Mama, shika usukani hapa chini. Unakotaka mkia wa tela uende, sukuma mkono huko huko. Polepole. Tela halitaki papara."

"Ndivyo nilivyomwambia," alisema mume.

Maisha yake yote mume huyu alikuwa msimamizi wa ghala. Alipostaafu hakuacha kusimamia. Alichokosa ni ghala tu. Siku ya kuagwa kazini, mkewe, fundi cherehani aliyekuwa akishonea katika chumba cha mbele cha nyumba yao, alimfunika macho kwa kitambaa, akampeleka uani, akamwonyesha zawadi: tela, kijumba cheupe cha magurudumu mawili, chenye kitanda, jiko dogo la gesi na meza ya kukunja. Kiliweza kuvutwa na gari lao la kawaida bila shida.

Mzee alilia. Kisha akaanza kutangaza mtaa mzima. "Wenzangu wamepewa saa za ukutani. Mimi mke wangu kanipa nyumba inayotembea. Tutawazungukia watoto wote, mmoja baada ya mwingine."

Kwa vile daktari wa macho alikwisha kumkataza kuendesha, ilibidi mke ajifunze kuvuta.

Alijifunza kwa moyo wote. Alijifunza kupinda kona kwa upana ili gurudumu la tela lisipande ukingo. Alijifunza kukanyaga breki mapema, maana mzigo wa nyuma hauna habari kwamba gari la mbele limesimama. Alijifunza kupishanisha minyororo miwili chini ya kiungo kinachoshikanisha tela na gari, kuchomeka waya wa taa, na kupanga vizito mbele kidogo ya magurudumu, tela lisije likayumba barabarani kama mlevi.

Mume naye hakukosa somo hata moja. Aliketi nyuma akihesabu makosa.

Jambo moja lilimshangaza mwalimu. Wanafunzi wake wote walipenda kuendesha. Mama huyu alipenda kulifungua tela kutoka kwenye gari. Kutia mawe chini ya magurudumu, kushusha mguu wa mbele wa kulisimamisha tela, kuchomoa waya, kufungua minyororo, kunyanyua kiungo, basi. Akimaliza, alifunga na kuanza upya, mpaka akaweza peke yake bila hata kuinua macho.

"Wenzako hung'ang'ania kuvuta, mama."

"Kuvuta ni njia tu, mwalimu," alisema, akijifuta grisi.

Jioni moja binti yao mkubwa alipiga simu. Mama aliiweka simu kwenye meza ya cherehani ili aendelee kupindia gauni la mteja, huku mume amesimama nyuma ya kiti chake akikagua mshono.

"Tumemkumbuka baba jamani," binti alisema. "Mngekuwa karibu, tungekuwa tunamwona kila siku."

"Huo mshono umepinda," alisema baba.

"Tunakuja," alisema mama.

Walipakia asubuhi. Mzee alipakia redio, kiti chake cha uvivu, sanduku la vifaa na blanketi lake zito. Mkewe alileta kikapu kimoja kidogo, akakiweka garini.

"Ni hicho tu?" mume aliuliza.

"Mwalimu kasema tusizidishe uzito."

Mzee aliguswa. Hata nguo zake mwenyewe mke huyu amezipunguza ili yeye apate nafasi ya kiti. Njia nzima alimsifu, pale alipokuwa hamkosoi. Kwenye mteremko alimwambia apunguze mwendo. Kwenye mlima alimwambia aongeze. Malori yaliwapita, mabasi yaliwapita, hata pikipiki iliyobeba godoro iliwapita. Mama alishika njia yake, akitabasamu kidogo.

Kwa binti, uani palikuwa na nafasi moja tu, kati ya ukuta na tangi la maji. Wajukuu walitoka mbio, majirani wakapanda juu ya matofali waone. Mzee alishuka na kusimama nyuma ya tela akipunga mikono yote miwili, kila mmoja upande wake.

Mama hakumtazama. Alitazama vioo. Mkono chini ya usukani, akasukuma taratibu, akanyoosha, akasukuma tena. Tela likaingia kama sindano kwenye kitambaa.

Watu walipiga makofi.

"Mmeona nilivyomwelekeza?" mzee aliwauliza majirani, kisha akawaingiza wajukuu ndani ya tela kuwaonyesha jinsi meza inavyokunjwa na jinsi isivyopaswa kukunjwa.

Mama alitia mawe chini ya magurudumu. Akashusha mguu wa mbele, akachomoa waya, akafungua minyororo, akanyanyua kiungo.

"Mama, si upumzike kwanza?" alisema binti. "Chai iko mezani, na chumba chenu nimeshakitandika."

Mama alimkumbatia binti yake kwa muda mrefu. Kisha akaingia garini na kuwasha injini.

"Unakwenda wapi tena?"

"Nyumbani," alisema mama, akitia gia. "Baba yako mtie dawa ya macho asubuhi na jioni. Mwisho wa mwezi nakuja kumvuta, nimpeleke kwa mdogo wako."