Breki ya Kweka

Sheria ilikuwa wazi: magari yakigongana na madereva wakatupiana lawama, kila mmoja hupandikizwa kumbukumbu ya mwenzake, akaishi nayo wiki nzima kabla ya hukumu. Mwanakheri alidai Kweka hakufunga breki. Kweka alidai Mwanakheri aliingia barabara kuu bila kutazama.

"Nitaibeba, na kesi nitashinda," Mwanakheri alimwambia mumewe, Hemedi.

Siku ya kwanza alikuwa akipika vitumbua. Mafuta yaliporuka, mguu wake wa kulia ukakanyaga sakafu kwa kishindo. Mlango ulipobamizwa, ukakanyaga tena.

"Mama Salha, unakanyaga nini?" Hemedi aliuliza.

Aligeuza vitumbua. Kila akifumba macho aliona gari dogo jekundu likichomoza mbele yake bila kusita. Dereva alikuwa amegeuka nyuma, anampa mtoto kashata. Yule mwanamke alimjua vizuri mno. Na breki ilikuwa imekanyagwa mapema, kwa nguvu zote.

"Si useme ukweli tu?" Hemedi alimsihi, alipomsimulia usiku ule.

"Wachukue leseni yangu? Na teksi ndiyo inayotulisha! Sisemi."

Mahakamani hakimu alimuuliza kama bado anashikilia dai lake.

"Nashikilia, mheshimiwa. Hakufunga breki kabisa."

Chini ya meza mguu wake ulikuwa ukigonga sakafu, na hakuweza kuuzuia. Ng'ambo ya chumba, Kweka alikuwa amegeuka nyuma, mkono ameunyoosha, kama anayempa mtoto kashata.